Rafu ya Vichekesho Ilikuwa Tupu

Siku ya tatu, saa nane mchana, vitabu vilivyobaki mezani vilikuwa ishirini na sita, na Mkutubi hakuwa anahisi kitu. Si njaa, si uchovu, wala ile aibu aliyoiogopa tangu Jumatatu. Alikaa upande wake wa meza, mgongo umenyooka, akiandika kadi moja baada ya nyingine kwa mwandiko safi kabisa. Ungemwona ungesema huyu dada ametulia. Kumbe kutulia ni kitu kingine.

Upande wa pili wa meza alikaa Mhariri. Alikuwa ameazimwa kwa siku tatu kutoka kampuni ya vitabu iliyokuwa mtaa wa nyuma, kwa sababu alizijua hadithi za fantasia kama wengine wanavyojua matokeo ya mpira. Na miezi minane iliyopita alikuwa mchumba wake.

Mkuu wa maktaba, mama mmoja mpole ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa, hakuyajua hayo. Aliwakutanisha asubuhi ya Jumatatu mlangoni pa chumba cha kupokelea vitabu, akawaambia kwamba wote ni watu wa vitabu na wataelewana tu, kisha akaenda zake na funguo zake zikilia kiunoni. Wakabaki wawili, meza moja, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Mkutubi akamwonyesha kiti.

Tangu hapo walikuwa wakiitana dada na kaka. Dada, naomba gundi. Chukua, kaka. Mtu ambaye zamani alimwita majina yasiyoweza kutajwa mbele ya wakwe, leo anamwita dada, kwa sauti ya kuazima mkasi. Mkutubi alilisikia neno hilo likipita, halikumgusa popote.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mzee mmoja aliyependa kusoma kuliko kula alikuwa amefariki, wanawe wakailetea maktaba makasha kumi na moja ya vitabu vyake, na humo mlikuwa na vitabu mia mbili na kumi na viwili vya fantasia. Zamani vyote vingesukumiwa kwenye rafu moja iliyoandikwa Hadithi za Ajabu, majini na sungura wasemao wakilala kitanda kimoja. Lakini mwaka uliopita mama mmoja alimchukulia mwanawe wa miaka saba kitabu chenye picha ya paka kwenye jalada, na mtoto akagoma taa isizimwe, kwa maana yule paka ilipofika ukurasa wa tisa alianza kula ndoto za watu, na baadaye watu wenyewe. Mama wa watu alikirudisha kitabu akakiweka kaunta kwa vidole viwili. Siku hiyo Bi Mkubwa aliapa kwamba fantasia itagawanywa, kila aina na rafu yake.

Kugawanya sasa ndiyo shughuli. Jumatatu walibishana asubuhi nzima, kwa adabu, wakitazama vitabu badala ya kutazamana. Mhariri alisema fantasia ni hadithi ambayo ndani yake lisilowezekana linawezekana, na wahusika wenyewe wanalichukua kuwa ndivyo dunia ilivyo. Kama chombo kinaruka kwa injini, hata kikifika kwenye nyota, hicho ni cha rafu ya hadithi za kisayansi. Mkutubi akauliza, je, kama injini yenyewe inasukumwa na jini? Mhariri akakuna kidevu, akasema jini akishaingia tu, kitabu ni chetu.

Wakaenda hivyo hivyo. Hadithi yenye dunia yake nzima, na wafalme wake, na ramani ukurasa wa mbele, wakaiita fantasia ya dunia ya pekee. Ile ambayo karani wa kawaida anaingia kwenye lifti ya ofisini na mlango unamfungukia nchi nyingine, wakaiita ya mlangoni. Ile ambayo maajabu yanakuja hapa hapa, mtaani penye taa za barabarani na foleni ya benki, ikawa ya mjini. Ngano za zamani zilizosimuliwa upya zikapata rafu yake. Walipofika kwenye fantasia ya mapenzi sauti zilipungua. Mhariri alisema kipimo ni kutoa: ukiwatoa wapendanao na hadithi ikaendelea kusimama, basi hiyo si ya mapenzi. Mkutubi aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, wala hakuinua macho.

Zikabaki mbili. Ya giza, ambayo hofu na hasara ndizo zinazoibeba hadithi. Na ya vichekesho, ambayo maajabu yamewekwa ili msomaji acheke.

"Hizo mbili hazina kazi," Mhariri alisema. "Hakuna anayezichanganya."

Utaratibu wa Bi Mkubwa ulikuwa mmoja na haukupindishwa. Kila kitabu kisomwe na watu wawili, kila mtu peke yake, mwanzo, katikati na mwisho. Kila mmoja aandike kadi yake: aina, sababu, sahihi. Kadi zikilingana, kitabu kinakwenda rafuni. Zisipolingana, kitabu kinarudi mezani na wasomaji wawili wanakaa chini mpaka waelewane. Kesho yake asubuhi wasomaji wangefunguliwa mlango, kwa hiyo yote yalipaswa kwisha kabla ya saa kumi na moja jioni hii.

Na kabla ya saa kumi na moja jioni hii, Mkutubi alikuwa na jibu jingine la kutoa.

Jumatatu wakati wa kufunga, Mhariri alisimama karibu na mlango, begi begani, akasema bila kuzunguka kwamba Jumamosi anataka kwenda kwao Mkutubi. Hakuomba lolote jingine. Alitaka kujua tu kama akibisha hodi atafunguliwa, na kama jibu ni hapana, basi asingemsumbua tena, si kwa simu, si kwa salamu za watu. Mkutubi alisema atamjibu Jumatano kabla ya kufunga. Alilisema hilo kama mtu anayempangia msomaji tarehe ya kurudisha kitabu.

Jana jioni aliipeleka habari hiyo nyumbani. Kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, alisema mtu huyo akikanyaga pale atarudi kwao amebebwa. Akaeleza pia atabebwa na nini. Mama yao alikuwa anakunja nguo za mjukuu. Alimwacha mwanawe wa kiume amalize, halafu akamwambia Mkutubi kwamba kaka yako ana hasira kwa niaba yako, mwanangu, na tunamshukuru, lakini wewe mwenyewe una nini?

Mkutubi alitafuta jibu la kumpa mama. Alipekua moyoni kama mtu anayepekua mkoba. Upendo hakuuona. Chuki hakuiona. Akamwambia mama kwamba amechoka, ingawa hata kuchoka hakukuwa kweli, akaenda kumlaza binti yake wa miaka mitano. Mtoto huyo baba yake aliondoka kabla hajaanza kutambaa. Alimtaka Mkutubi amsomee hadithi, naye akamsomea, ukurasa kwa ukurasa, bila kubadilisha sauti popote.

Sasa ilikuwa Jumatano saa nane, na Mhariri alikuwa amesimama mbele ya rafu mpya, ameshika kiuno.

Rafu ya dunia ya pekee ilikuwa imejaa. Ya mjini imejaa. Ya giza ilikuwa tayari na vitabu thelathini walivyokubaliana. Ya mwisho, yenye lebo ya kijani iliyoandikwa Vichekesho kwa mkono wa Mkutubi mwenyewe, haikuwa na kitabu hata kimoja.

"Dada," alisema, "umeona hii?"

"Nimeona. Labda marehemu hakupenda vichekesho."

Mhariri alirudi mezani, akavuta kiti, akaanza kuzilinganisha kadi za vitabu ishirini na sita vilivyobaki. Kadi yake, kadi ya Mkutubi. Yake, ya Mkutubi. Alipofika ya kumi mkono ulipunguza mwendo. Alipofika ya ishirini aliziweka zote chini, akazipanga safu mbili mezani kama mtu anayecheza karata peke yake. Safu moja ilisema vichekesho kutoka juu mpaka chini. Safu ya pili ilisema giza.

Akachukua kitabu cha kwanza. Kilikuwa cha zimwi kubwa linaloogopa kuku. Akasoma kadi ya Mkutubi kwa sauti, polepole.

"Giza. Anaishi kwa hofu na kila mtu anamcheka."

"Ndivyo kilivyo," alisema Mkutubi.

Akachukua cha pili, cha mchawi mzee anayesahau maneno ya uchawi katikati, ng'ombe wa watu wanabaki nusu ng'ombe nusu kabati. Kadi ilisema: Giza. Mzee anapoteza kumbukumbu na hana wa kumtunza. Cha tatu kilikuwa cha jini lililotoka kwenye chupa baada ya miaka elfu, likafanya usaili wa kazi mara tisa na kukosa. Giza, ilisema kadi. Ametoka, na hakuna anayemhitaji.

Mhariri aliirudisha kadi mahali pake. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayepita karibu na aliyelala, kwamba utaratibu ni kukaa chini pamoja, basi na wasome. Akafungua kitabu cha joka lenye vichwa saba. Joka hilo lilikuwa limemteka binti mfalme tangu asubuhi, na sasa ilikuwa mchana, na vichwa havijaelewana apikwe vipi. Kichwa cha tatu hakili chumvi. Cha tano kinasema kimeshiba kwa niaba ya wote kwani tumbo ni moja. Cha saba kinataka kwanza waombane radhi kwa maneno ya juzi. Na binti mfalme, baada ya kungoja, anaishia kuwa mwenyekiti wa kikao.

Mhariri alikuwa msomaji hodari. Kila kichwa alikipa sauti yake, na kichwa cha tano alikipa sauti ya Bi Mkubwa kabisa, funguo na yote. Alipofika kwenye kura ya siri alishindwa, akacheka mwenyewe, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akainua uso kumtazama Mkutubi.

Mkutubi alikuwa anamsikiliza kwa makini, mikono juu ya meza.

"Umeona nini hapo?" Mhariri aliuliza.

"Vichwa saba vyenye njaa," alisema. "Mwili mmoja, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Na msichana hakuna aliyekuja kumtafuta."

Kicheko kilimfifia Mhariri usoni taratibu. Alimtazama mwanamke huyu, ambaye zamani akicheka ilibidi ashike ukuta. Waliwahi kufukuzwa kwenye foleni ya posta kwa ajili ya kicheko hicho. Alimtazama muda mrefu, na yeye akatazamwa tu, macho makavu, kama dirisha linavyotazamwa.

"Tangu lini?" Mhariri aliuliza.

Mkutubi alisema hajui anaulizwa nini. Akasema vitabu ni ishirini na sita na saa inakwenda.

Hapo ndipo Mhariri alipokosea. Alikosea kwa huruma, na watu wa aina yake hukosea kwa huruma kuliko kwa ubaya. Alivuta safu ya kadi za Mkutubi upande wake, kimya kimya, akachukua kalamu, na kwenye kadi ya zimwi akakata neno giza kwa mstari mwembamba na kuandika juu yake vichekesho. Akakata ya mchawi. Akakata ya jini. Alitaka amalize jambo hilo bila kelele, ili asimwaibishe, ili Bi Mkubwa akija akute kazi imekwisha na asijue kwamba mkutubi wake bora amesoma vitabu ishirini na sita vya kuchekesha na kuona msiba kila ukurasa.

Mkutubi aliutazama mstari wa tatu ukipigwa juu ya mwandiko wake. Kitu fulani kikasogea chini ya mbavu, kidogo, kama jiwe.

"Weka kalamu chini," alisema.

"Nakupunguzia kazi tu, dada."

"Weka chini. Na usiniite dada."

Kalamu ikalala mezani. Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka.

"Ndivyo ulivyofanya na siku ile ya wazee wenu kuja kwetu?" Mkutubi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezoea chumba cha kusomea, lakini ilikuwa na ukingo ambao yeye mwenyewe hakuwa ameusikia kwa muda mrefu. "Ulikuwa unanipunguzia kazi? Ukaamua peke yako, ukakata, ukaandika juu, na mimi nikaja kusoma baadaye?"

"Sikuamua. Nilishindwa."

"Kaka yangu aliazima viti kumi na vinne. Kumi na vinne, kwa sababu ulisema wazee wenu wanane na huenda wakaongezeka. Mama alipiga pasi mapazia. Umewahi kumwona mtu anapiga pasi mapazia? Saa nne hamkuja, tukasema foleni. Saa sita tukasema gari limeharibika, maskini, tena kwenye jua. Saa tisa jirani akaja kuomba viti vyake viwili, kwa sababu yeye ana wageni, na wageni wake wamefika. Nikambebea mwenyewe mpaka kwake, na gauni lile lile. Na simu yako inaita. Ingezimwa ningeelewa. Inaita."

Mhariri alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema mama yake alijifungia chumbani asubuhi hiyo. Mama huyo alisema hawezi kutoka kwenda kumwoza mwanawe kwa mwanamke aliyemzidi umri na mwenye mtoto mkononi, na wazee wakasema bila mama hakuna anayeondoka. Yeye akakaa kitandani na simu.

"Nikasema ikifika saa tano nitapiga," alisema. "Ilipofika, nikasema saa sita. Jioni nikaona sasa nitasema nini."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake aibu ilikuwa ya siku mbili."

"Miezi minane."

"Miezi minane," alikubali.

Mkutubi alisimama. Hakujua kwa nini amesimama, kiti tu kilikuwa kimekuwa cha moto. Damu ilikuwa imempanda shingoni na masikioni, na alishangaa jinsi masikio yanavyouma yakipata damu.

"Binti yangu alikuuliza," alisema. "Kila siku, akiamka. Yule anayesoma kwa sauti za wanyama yuko wapi? Leo yuko wapi? Nikamwambia amesafiri. Akauliza wiki sita, kisha akaacha. Hakulia wala hakununa. Siku moja aliamka, akavaa viatu, hakuuliza. Na mimi nikashukuru. Unanisikia? Nilishukuru kwamba mtoto ameacha kungoja. Nikamfuata. Nikaacha na mimi."

Mlango ukafunguka, Bi Mkubwa akachungulia na daftari lake, akauliza wanangu vimebaki vingapi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama kadi zilizokatwa, akasema anakumbuka ameacha birika jikoni, na mlango ukafungwa taratibu kuliko ulivyofunguliwa.

Mhariri hakusogea kwenye kiti chake. Alikuwa amelowa macho, lakini hakuyafuta, na Mkutubi aliona kwamba safari hii hajaribu kuonekana wala kujificha.

"Mama yako amekubali sasa?" alimwuliza.

"Hajakubali. Nimemwambia Jumamosi nakwenda. Akasema atajua la kufanya. Sijui ni lipi, lakini nakuja hivyo hivyo, ukisema nije."

Mkutubi alizivuta kadi zake zikarudi upande wake wa meza. Akazikusanya zote ishirini na sita, zilizokatwa na ambazo hazijakatwa, akazigonga kwenye meza zikalingana. Akamwambia kwamba vitabu hivi havitakwenda rafu yoyote leo. Atamwomba Bi Mkubwa wiki moja. Atavisoma upya mwenyewe, vyote, na kama ni vichekesho atasema ni vichekesho, na kama bado ni giza atasema giza, na hakuna atakayeandika juu ya mkono wake.

"Sawa," alisema Mhariri.

"Na sijakusamehe."

"Najua."

"Hujui. Hata mimi nilikuwa sijui. Asubuhi ya leo ungeniuliza ningekwambia sina neno nawe, njoo, usije, yote mamoja. Sasa nina maneno. Nina mengi, yanasukumana, na hapa ni maktaba, siwezi kuyasema yote kwa sauti hii ya kunong'ona."

Mhariri alifungua mdomo. Mkutubi akainua kiganja, na mdomo ukafungwa.

"Jumamosi saa tatu asubuhi," alisema. "Uje peke yako. Sitaki mzee wala mshenga wala mtu wa kukusemea. Kaka atakuwepo na atakutazama vibaya, mwache akutazame. Mlango nitaufungua mimi. Utakaa, na nitakugombeza mpaka nimalize, na hutaniambia basi yaishe."

"Na ukimaliza?"

"Nikimaliza nitajua. Nenda sasa."

Alikwenda. Alichukua begi lake, akafika mlangoni, akageuka kama anayetaka kusema kwaheri. Akakosa la kumwita, kwa kuwa dada alikuwa amekatazwa na yale mengine hajarudishiwa. Akainamisha kichwa tu, akatoka.

Mkutubi alikaa. Aliweka mikono juu ya meza ili aendelee na kazi, na mikono ikawa inatetemeka, vidole vyote kumi. Angeweza kuikunja. Angeweza kuikalia, kama alivyokuwa akifanya zamani darasani kabla ya mtihani. Aliinamia meza akaitazama, na akaiacha itetemeke.